Jeli yangu ya beri inasifiwa nyumbani lakini haipati alama kwenye maonyesho: ninakosea wapi?

Kijiko cha Mbao (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kupika jeli ya beri na kuishindanisha kwenye maonyesho ya eneo lake, kwa sababu mimi nimeshiriki mara mbili na mara zote nimerudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka wa kwanza sikuwa na la kulalamikia. Nilikuwa na ndoo nzima ya blakiberi, nikaongeza vipimo maradufu ili niimalize kwa mkupuo mmoja, nikachemsha karibu saa nzima, na mwishowe nikapata sharubati nzito ya rangi ya kahawia ambayo haikuganda hata baada ya wiki mbili.

Mwaka uliofuata nilitumia pektini ya unga, yaani ile dutu ya matunda inayogandisha jeli. Safari hiyo jeli iliganda, na kila aliyeionja nyumbani aliomba chupa yake. Hata hivyo, kadi niliyorudishiwa na mwamuzi ilikuwa na maneno manne tu: ukungu, viputo, ngumu, kutu. Hakuna neno hata moja kuhusu ladha, jambo ambalo nakiri kwamba liliniuma.

Ninavyopika ni hivi: ninachemsha beri zilizoiva kabisa, ninazimimina kwenye kitambaa, kisha ninakamua mpaka tone la mwisho, kwa kuwa mtu aliyechomwa na miiba ya blakiberi asubuhi nzima hawezi kukubali kutupa juisi. Baada ya hapo ninaongeza pektini, limau na sukari, ninachemsha, na ninajaza chupa taratibu kwa kijiko kikubwa ili nisichafue meza. Je, nirekebishe nini kwanza? Na je, kutumia pektini ya dukani kunanipunguzia alama?

Mfuniko Mpya

Pole sana, ndugu. La kutu ndilo jepesi kuliko yote, kwa hiyo nianze nalo. Vifuniko vya bapa hutumika mara moja tu, na pete ya chuma inayokaza kifuniko huondolewa chupa ikishapoa na kufunga vizuri, ikaoshwa na kukaushwa, kwa sababu unyevu ulionaswa chini yake ndio unaozaa kutu. Ikiwa kanuni za maonyesho yenu zinataka pete iwepo siku ya kupeleka, weka mpya siku hiyohiyo. Zisome kanuni hizo neno kwa neno kabla hujawasha jiko: ukubwa wa chupa, maandishi ya lebo, tarehe ya kupikwa na namna ya kufunga. Nimeona jeli nzuri ikiwekwa kando bila kuonjwa kwa sababu lebo iliandikwa «beri» badala ya jina la tunda lenyewe.

Upande wa Pili wa Meza

Nimewahi kuwa mwamuzi kwa misimu kadhaa, kwa hiyo naomba nikuchukue mpaka upande wetu wa meza. Chupa ikifika mbele ya mwamuzi, jambo la kwanza analofanya ni kuiinua kwenye mwanga. Jamu ina vipande vya tunda na inasamehewa mengi. Jeli imetokana na juisi iliyochujwa, na kwa hiyo inatakiwa ipitishe mwanga kama kioo cha rangi. Kisha huifungua, huangalia kama imetoa majimaji juu, na hukata kipande kwa kijiko na kukiweka kwenye sahani. Jeli iliyofaulu husimama na umbo la kijiko, hutikisika ukiigusa sahani, na mahali ilipokatwa pana kingo safi. Ladha huja baada ya hayo yote, na ndiyo maana kadi yako haikuitaja: ulikuwa umekwisha kupoteza alama kabla ulimi haujahusishwa.

Ukungu wako, yaani jeli kutopitisha mwanga vizuri, umetoka kwenye mikono yako. Unapokamua kitambaa unasukuma nyuzinyuzi laini za tunda zipite kwenye matundu, na zikishapita hakuna kuchemsha kutakakoziondoa. Lowesha kitambaa kwanza na ukikamue maji, ili kisinywe juisi yako, kisha mimina beri zilizochemshwa, kining'inize juu ya bakuli na uondoke jikoni kabisa. Kiache usiku kucha. Utapata juisi pungufu kuliko ulivyozoea, nami naelewa uchungu wa miiba, lakini huo ndio usafi unaoamuliwa. Makapi yaliyobaki usiyatupe. Yapitishe kwenye chujio la kuondoa mbegu, uyapikie jamu, ambayo hakuna atakayeinua kwenye mwanga.

Viputo vinatokana na kujaza taratibu. Jeli huanza kuganda mara tu inapotoka motoni, na kila kijiko unachoongeza kinafunika hewa ambayo haina tena pa kutokea. Ondoa sufuria motoni, engua povu haraka, kisha mimina moja kwa moja kutoka kwenye jagi lenye mdomo, ukilisogeza karibu sana na mdomo wa chupa ili jeli iteremke ubavuni bila kuanguka kutoka juu. Acha nafasi ya milimita 6 hivi, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi chenye unyevu, funga, na uzitumbukize chupa kwenye maji yanayochemka kwa dakika 10. Wako wanaotia siagi kidogo ili povu lipungue. Mimi siipendi kwa jeli ya mashindano, kwa kuwa mafuta yanaweza kuacha utando mwembamba unaoonekana kwenye mwanga.

Ugumu nao una sababu mbili, ama pektini imezidi kipimo, ama umechemsha kupita dakika iliyoandikwa kwenye pakiti. Pektini ya unga huingia kabla ya sukari. Juisi ikishafikia mchemko mkali ambao hautulii hata ukikoroga, unatia sukari yote kwa pamoja, unangoja mchemko uleule urudi, unahesabu dakika moja, na unaondoa.

Bila Pakiti

Nakubaliana na mwalimu aliyetangulia kwa kila kitu isipokuwa pakiti yenyewe. Kanuni nyingi zinairuhusu, lakini jeli yake huhitaji sukari nyingi zaidi, na kwa maoni yangu tunda hupotea humo. Blakiberi ina pektini ya kutosha ikiwa utachanganya robo ya beri ambazo hazijaiva sawasawa na robo tatu zilizoiva, kwa sababu pektini na ukali hupungua kadiri tunda linavyoiva. Mwenzetu alitumia zilizoiva tupu, na mwaka wa kwanza hilo lilimgharimu. Saa nzima ya kuchemsha ilimalizia kazi, kwani joto la muda mrefu huivunja hata ile pektini kidogo iliyopo na huharibu rangi. Usipike zaidi ya vikombe 6 vya juisi kwa safari moja, na utumie sufuria pana ili maji yatoke upesi.

Kwa kila kikombe cha juisi ya blakiberi mimi hutia robo tatu ya kikombe cha sukari. Kama una shaka na juisi yako, chukua kijiko kimoja cha chai cha juisi iliyopoa, uichanganye taratibu na kijiko kikubwa cha spiriti. Ikijikusanya kuwa bonge moja unaloweza kuliinua kwa uma, pektini inatosha. Ikibaki vipandevipande, haitoshi. Mchanganyiko huo ni sumu, kwa hiyo usiuonje wala usiurudishe kwenye sufuria.

Rasiberi na stroberi ni habari nyingine. Stroberi hasa ina pektini kidogo mno, na hapo hata mimi hufungua pakiti.

Kijiko cha Mbao

Nawashukuru nyote, na kwako mwalimu wa upande wa pili wa meza, kadi ile sasa naisoma kwa macho mengine. Nikijaribu bila pakiti, nitajuaje kwamba muda wa kuondoa motoni umefika? Nimesoma kwamba ni nyuzi 105 za Selsiasi, lakini ninaishi kwenye mwinuko na nikifuata namba hiyo jeli inakuwa kama mpira. Pia jirani yangu ananishauri nifunge chupa kwa nta iliyoyeyushwa, kama walivyofanya wazee wake.

Bila Pakiti

Namba hiyo ni ya usawa wa bahari. Maji huchemka kwa joto pungufu kwa takribani nyuzi 1 kila unapopanda mita 300, na jeli hufuata mkondo huohuo. Kwa hiyo chemsha maji matupu siku ileile unayopika, soma kipimajoto, kisha ongeza nyuzi 4 au 4 na nusu. Hiyo ndiyo namba ya jikoni kwako. Mimi huithibitisha kwa kijiko baridi cha chuma: nachota, nakipeleka mbali na mvuke, nakiinamisha. Mwanzoni matone huanguka mojamoja kama maji, baadaye huwa mawili mazito, na mwisho matone hayo mawili huungana na kuteleza kwa pamoja kama pazia. Hapo zima moto.

Mfuniko Mpya

Mwambie jirani kwa heshima kwamba nta imeachwa. Hujitenga na kioo au kupata nyufa, na kuvu huota chini yake. Na kwa kuwa uko kwenye mwinuko, dakika za kuchemsha chupa nazo huongezwa. Fuata jedwali la mapishi yako.

Kijiko cha Mbao

Ninarudi na majibu. Nimepika vikombe 4 vya juisi iliyodondoka usiku kucha bila kuguswa, na nimeondoa motoni kwa nyuzi 99 kwa kufuata hesabu mliyonipa. Naweza kusoma gazeti kupitia chupa. Hakuna kiputo hata kimoja isipokuwa kwenye chupa ya mwisho, ambayo niliikwangulia mabaki ya sufuria. Lililobaki ni kwamba chupa moja kati ya tano niliyoiweka juu ya kabati la jikoni imetoa majimaji kidogo juu. Je, ni limau?

Upande wa Pili wa Meza

Ukali uliozidi husababisha hilo, lakini zote tano zimetoka sufuria moja, kwa hiyo ninalishuku kabati. Jeli iliyohifadhiwa penye joto, au inayosogezwasogezwa kabla haijatulia, hutoa majimaji. Ziweke penye giza na ubaridi, kwa kuwa mwanga nao hufifisha rangi, na usizitikise siku ya kusafiri. Chupa ya makwangua kula mwenyewe. Kati ya tatu zilizobaki, fungua moja wiki moja kabla ya maonyesho, uikate kwa kijiko kwenye sahani. Ikisimama, peleka iliyo safi zaidi kati ya dada zake wawili, na nyingine uiweke akiba endapo kifuniko kitalegea njiani.