Sukari ilipokushukia mahali pabaya: tupeane uzoefu

Mchoma Uniti
Wakuu, jana saa tisa usiku nimeamshwa na mama watoto, akidhani nimekojoa kitandani. Kumbe jasho. Kipimo cha sukari kinasoma 2.4. Najua kijiko cha asali kingenitoa, ila ile njaa wanaoijua wanaijua: nimekula nusu mkate na siagi, ndizi tatu, nikamalizia na juisi ya watoto. Asubuhi 19.6. Kliniki tunaimbiwa kupanda kila siku, kushuka tunagusiwa tu mlangoni tukitoka. Nani imemshukia mahali pabaya?

Kiti cha Dirisha
Umenitonesha, mkuu. Mwaka 2016, daladala ya Gongo la Mboto kwenda Kariakoo, kabla hawajajenga lile daraja la Mfugale. Nimechoma uniti 22 za insulini saa kumi na moja alfajiri, nikajiambia chai nitainywa kazini. Foleni ya Tazara ya enzi zile mnaikumbuka. Tukaganda.

Kwanza midomo ikafa ganzi. Kisha maandishi ya mgongoni mwa kiti cha mbele yakaanza kuogelea. Konda anadai nauli, namsikia vizuri kabisa, ila mkono haujui mfuko uko wapi. "Mzee, asubuhi yote hii ushapiga maji?" Abiria kicheko. Nikamtukana. Mimi, mzee wa kanisa, tusi ambalo sikujua kama ninalo. Wakanishusha. Kushushwa sikumbuki, nakumbuka vumbi mdomoni.

Aliyeniokoa ni mama wa vitumbua. Alinishika mkono aninyanyue, akaona ncha za vidole zilivyojaa vidoadoa vyeusi. Marehemu mumewe alikuwa navyo. Akakoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akanishikia kichwa nikanywa. Baada ya kama robo saa nikaulizia begi langu. Begi lilishafika Kariakoo.

Bint Pwani
Hilo la kuitwa mlevi! Mimi na baibui langu nimeitwa mlevi, tena mwezi wa Ramadhani.

Mizizi Asili
Poleni, ila mnajitakia. Mimi huu mwezi wa nne sijagusa sindano. Mlonge na mdalasini asubuhi na jioni, sukari 6. Anayetaka aje chemba.

Mama Kasuku
Wewe una sukari ya aina gani? Mwanangu ana miaka 11, aina ya kwanza, kongosho halitoi insulini kabisa. Bibi yake alimwachisha sindano siku tatu kwa maneno kama haya haya yako. Alipoanza kutapika wakasema malaria. Nafika namkuta anahema kama aliyekimbizwa na mbwa, mdomo unanuka maembe yaliyooza. Siku nne chumba cha mahututi.

Mizizi Asili
Mama, punguza jazba. Sijamtaja mwanao.

Mama Kasuku
Umemtaja bila kujua.

Mzee wa Dona
Mlonge mboga nzuri, hasa ukiungwa na karanga. Sindano iko palepale.

Mshika Kamba
Nyie wa daladala mna nafuu. Mimi nilikuwa ukweni Singida, siku ya mahari, na hawajui kama naumwa. Nilimwomba mchumba tusiseme kwanza. Nilinusa wali unaiva, nikaenda chooni nikachoma uniti zangu. Kumbe kwao hakuna kula mpaka mahari ikubaliwe. Wazee wanataka ng'ombe wanane, mshenga wangu ameng'ang'ania watano. Lisaa la kwanza, lisaa la pili. Shati limelowa. Mara nasikia mtu anapaza sauti: "Wapeni kumi na wawili, tule!"

Ni mimi.

Naendelea, simu ina asilimia 3.

Bint Pwani
Usituache hapo jamani!!

Kiti cha Dirisha
Muoaji anaendaje mwenyewe kutoa mahari? Hii chai, tena imezidi sukari.

Fundi Glukosi
Wakati tunamsubiri: ikiwa chini ya 4, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda. Subiri dakika 15, pima. Haijapanda, rudia. Ikipanda ndipo ule chakula. Chokoleti si ya dharura, mafuta yake yanachelewesha. Na soda iwe ya kawaida. Shemeji yangu alinunuliwa ile isiyo na sukari, eti kwa sababu ana sukari. Aliyezimia usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mkimbizeni.

Mzee wa Dona
Mimi natafuna tende mbili nalala.

Fundi Glukosi
Hapo kwenye kulala ndipo penye kaburi, mzee wangu.

Bint Pwani
Tende zimenikumbusha. Saa tisa alasiri nimefunga, 3.4. Nikasema magharibi si mbali, nivumilie. Dada yangu akanisukumia tende mdomoni kwa nguvu, na kofi juu. Nilimnunia mpaka Idi.

Mwana wa Kisauni
Baba yangu hachomi, anakunywa glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, na figo zishachoka. Tulimkuta hajitambui vizuri lakini anameza, tukampa soda, akaamka akaitisha gazeti. Tukashukuru Mungu, kila mtu akaenda zake. Baada ya masaa mawili imeshuka tena, mbaya kuliko mwanzo. Daktari akatuambia kile kidonge bado kinafanya kazi mwilini. Alilala na dripu ya sukari usiku kucha. Kwa hivyo wenye wazee wa vidonge, akiamka msiondoke.

Mchoma Uniti
Hili sikulijua, ahsante ndugu. Mizizi Asili naona umekimbia. Wakuu, turudi kwenye mada.

Bint Pwani
Mada ni ng'ombe kumi na wawili. Muoaji yuko wapi?

Mshika Kamba
Nimepata chaji. Wazee walinyamaza kimya. Baba mkwe akamuuliza mshenga, "Huyu kijana amekunywa?" Mchumba akatoka ndani na kikombe cha maji ya sukari, akapita katikati ya wazee, akaninywesha kama mtoto. Siri ikaishia hapo. Nikapata akili, nikaomba radhi, nikaeleza naumwa nini. Wakanielewa vizuri sana, mpaka mama mkwe akalia. Ila mahari ikabaki kumi na wawili. Neno la muoaji halirudi, wakasema. Nimemaliza kulipa mwaka jana.

Kiti cha Dirisha
Nafuta neno chai. Ilikuwa ngapi siku hiyo?

Mshika Kamba
Hatukupima. Kipimo nilikificha kwenye gari la mshenga.