Tupeane uzoefu: vifaa gani kweli vinamweka mbwa safi na mwenye afya?

MlinziWaKimara
Wakuu, salaam. Siku hizi ukiingia duka la vifaa vya wanyama mjini unakuta koti la mbwa, manukato ya mbwa, kengele, riboni, hata miwani. Mtu anatoka na mfuko umejaa, akifika nyumbani mbwa bado anajikuna usiku kucha. Naomba uzi huu uwe wa wanaofuga kweli. Taja kifaa ulichonacho, kinafanya kazi gani, na kipi kimelala stoo. Orodha za kunakili kwingine hapana.

Naanza. Cha kwangu ni kitana cha chuma, kile cha meno ya kubanana cha kuchania chawa. Nachana kiunoni kuelekea mkiani, kisha kinachokuja na meno nakikung'utia kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Vumbi litabaki vumbi. Vichembe vyeusi vikianza kuchuja wekundu pembeni, hicho ni kinyesi cha viroboto, maana ni damu ya mbwa waliyoinywa. Hapo hata kama sijakamata kiroboto hata mmoja, najua wapo na naanza dawa siku hiyo hiyo. Mbwa wangu mmoja ni mweusi tii, kwa macho tu usingeona kitu.

BwanaMifugo_Hai
Mkuu, kwenye kitana nakuunga mkono. Nami nipo kazini wilayani, wacha niongezee upande wa kupe, kwa sababu hao ndio wananiletea wagonjwa.

Nunueni kibano chenye ncha nyembamba. Kupe anashikwa pale mdomo wake ulipozama kwenye ngozi, si tumboni, halafu unamvuta taratibu moja kwa moja bila kumnyonga. Mafuta ya taa, kiberiti na mambo ya kumchoma acheni: mnamuumiza mbwa, na kupe akisumbuliwa hivyo anaweza kumtapikia mbwa vimelea kabla hajaachia. Mkishamtoa, mtieni kwenye kichupa cha spiriti. Msimpondee kidoleni. Kagueni katikati ya vidole, ndani ya masikio, kwapani na chini ya mkia. Watu wengi wanapapasa mgongo wanasema mbwa hana kitu.

Lakini kibano peke yake hakimalizi kazi. Kupe huyu wa kahawia wa mbwa akishashiba anadondoka, anapanda ukutani na kutaga kwenye nyufa za banda, mayai zaidi ya elfu kwa jike mmoja. Ndiyo maana mtu anaogesha mbwa Jumamosi, Jumatano wamejaa tena, halafu analaumu dawa. Mimi nikiulizwa kifaa cha kwanza ni kipi, nasema ni ndoo ya saruji ya kuziba nyufa na bomba la kupulizia. Banda la mbao lililoinuliwa kidogo toka chini, sakafu inayofagilika, ndipo dawa ya mbwa mwenyewe inapata maana.

Dalili za kukimbilia kwa daktari: fizi zimepauka, mbwa hataki kula, ana homa, damu inatoka puani au mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi. Hiyo si ya kusubiri wiki iishe.

kijana_wa_banda
Mzee umetugusa wengine. Kuna watu mabanda yao ni mabati matatu na tairi.

MamaShepadi_Nakuru
Habari zenu. Mimi niko Nakuru, nina shepadi wawili. Kwetu kifaa nambari moja ni brashi ya reki, ile yenye meno marefu ya chuma. Mbwa wa aina hii wana manyoya tabaka mbili, na lile la ndani likikatika hubaki limekwama kama halijatolewa. Mvua ikinyesha, juu anaonekana amekauka lakini ukifunua manyoya ngozi iko majimaji. Hapo ndipo vidonda hutokea, analamba mahali pamoja mpaka panatoka nyama. Kwa hivyo nawapiga brashi kila jioni msimu wa kumwaga manyoya, na taulo mbili zao ziko kwenye msumari mlangoni.

Kuoga ni mara moja kwa mwezi au wakichafuka, na shampuu ya mbwa. Ngozi ya mbwa si kama yetu, ina asidi kidogo zaidi ya... samahani, kinyume: asidi yake ni ndogo kuliko yetu. Sabuni ya kuogea ya watu inawakausha wanaanza kujikuna, na ile ya unga ya kufulia ni mbaya zaidi. Nikiosha naziba masikio kwa pamba isije maji ikaingia, kisha natoa pamba. Vijiti vya kusafishia masikio viko kwenye ile droo ya vitu ambavyo daktari alinikataza.

MkulimaWaMuheza
Asalaam aleikum. Mimi nina mbwa wa kulinda shamba la machungwa, ngedere na nguruwe wasingetuachia tunda. Sisi tunaofuata madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kumfuga kwa ajili ya ulinzi halina neno. Basi mimi kifaa changu kikubwa ni mgawanyo: mabakuli mawili ya chuma cha pua yenye ukingo niliouzungushia waya mwekundu, ndoo yake, brashi yake, glovu za mpira na ovaroli inayokaa bandani haingii ndani. Mke wangu hana shaka na sahani zake, nami nikitoka bandani naondoka kwenda msikitini bila wasiwasi.

Nilikuja kugundua kuwa daktari wa mifugo anasisitiza kitu kile kile kwa sababu zake za minyoo, hasa nyumba yenye watoto. Na bakuli la chuma linashinda la plastiki: la plastiki mbwa analitafuna, mikwaruzo inashika ute ambao brashi haiutoi.

Shangazi_Tabata
Waleikum salaam. Mbona hamjataja mwarobaini? Sisi tunachemsha majani tunamwogesha, na Dettol vifuniko viwili kwenye ndoo, mbwa ananukia.

BwanaMifugo_Hai
Shangazi, shikamoo. Mwarobaini sitagombana nao, wadudu wengine wanaukimbia, ila mbwa aliyekwisha kujaa kupe majani hayamtoshi. Dettol ndiyo naomba uiache. Mbwa akikauka anajilamba mwili mzima, na dawa za jamii hiyo zikiingia tumboni ni sumu, hata ngozini zinaunguza zikikolea. Paka ndiye hatari zaidi. Mkitaka kuua vijidudu ngozini, ulizeni shampuu yenye klorheksidini.

Na kwa kuwa tumefika hapo: kuna hii tabia ya kuchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, kumimina kwa jicho, mbwa anatumbukizwa. Dawa nyingine zinaweza kutumika kwa mbwa, lakini kwa kipimo chake na kwa maelekezo. Bomba la sindano la mililita tano lisilo na sindano ni kifaa cha bei ya pipi, na ndilo linalotofautisha kuogesha na kuua. Mbwa akianza kutoa mate mengi, kutetemeka au kuyumba baada ya kuogeshwa, msuuzeni kwa maji mengi, mkimbizeni na chupa ya dawa mkononi ili daktari asome kibandiko. Tena mwenye paka asipake dawa ya mbwa yenye permethrini halafu awaache walale pamoja. Mbwa atapona kupe, paka atakufa.

Shangazi_Tabata
Marahaba mwanangu. Dettol narudisha kabatini kwa ajili ya kusafishia choo.

jirani_wa_Mbezi
Mimi niseme kola. Mbwa mdogo anavalishwa mkanda akiwa na miezi mitatu, anakua, mkanda haukui. Mtaani kwetu tulimkuta mmoja waya umeshaingia ndani ya nyama ya shingo. Pitisha vidole viwili kati ya mkanda na shingo kila wiki, visipopita legeza. Mnyororo wa kufungia uwe na ile pete inayozunguka.

Kola za kupe nazo: zile nzuri zinaachia dawa kidogo kidogo kwenye mafuta ya ngozi kwa miezi kadhaa, kwa hiyo lazima iguse ngozi, si kuning'inia juu ya manyoya. Ukimwogesha kila siku mbili unaifupisha umri. Za bandia zimejaa, nunua kwenye duka la dawa za mifugo linalokupa risiti.

Mngoni_Minneapolis
Huku Marekani wakati wa theluji wanamwaga chumvi barabarani, inamuunguza mbwa nyayo na akiramba anatapika. Beseni la maji ya vuguvugu mlangoni na kitambaa, basi. Viatu vya mbwa nilivyonunua viko stoo, alivivua vyote kabla hatujafika kona.

Mluguru_wa_Mgeta
Wakuu, hakuna aliyesema kuhusu matandiko, nami huku Morogoro hilo ndilo limetutesa. Kuna wale funza wanaoingia chini ya ngozi ya mbwa, siyo wa miguuni, hawa ni watoto wa inzi. Inzi anataga kwenye mchanga au kitambaa chenye harufu ya mkojo na kinyesi, funza anaanguliwa anasubiri, mbwa akilala anapenya. Baada ya siku chache unaona uvimbe kama jipu, na katikati tundu lenye kitu cheupe kinachochungulia na kujificha, anapumulia hapo. Ukimwacha anakaa siku 8 hadi 12 kisha anatoka mwenyewe. Mbwa mchanga anaweza kuwa nao makumi.

Kutoa: paka mafuta ya mgando juu ya tundu, subiri akose hewa apande, kisha bana pande zote mbili kwa vidole gumba, atoke mzima. Akikatikia ndani panaoza. Osha kwa maji ya chumvi.

Lakini dawa halisi ni gunia. Mimi nina magunia manne ya katani: mawili bandani, mawili juani. Naloweka, nafua, naanika kwenye kamba, sianiki kwenye majani. Nguo zetu nazo tunapiga pasi hata za ndani, huyo huyo inzi hachagui. Godoro la sponji la mbwa nililipewa zawadi, halifuliki, nalo limekaa darini.

kijana_wa_banda
Sasa hivi najikuna mwenyewe.

MamaShepadi_Nakuru
Nimesahau kucha. Mkasi wa kucha za mbwa, na bakuli dogo la unga wa mahindi pembeni. Ukucha ukiwa mweusi mshipa hauonekani, kata vipande vyembamba, ukiona katikati kadoa keusi kenye unyevu simama. Damu ikitoka bonyeza ukucha ndani ya unga dakika moja. Msisahau ule ukucha wa juu pembeni usiogusa chini, huo hausagiki, unajikunja hadi unachoma nyama.

Meno: mswaki laini au kitambaa kidoleni, na dawa ya meno ya mbwa. Za watu zingine zina xylitol, kile kitu cha kutia utamu, ni sumu kwa mbwa.

fundi_Ukonga
Aliyefiwa na mtoto wa mbwa kwa parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara damu, asimrithishe mwingine kitanda na bakuli. Kirusi kile kinakaa kwenye udongo miezi mingi. Sakafu suguliwa kwanza uchafu utoke, kisha jiki, kipimo kimoja kwa takriban vipimo 30 vya maji. Na mgeni aje akiwa ameshachanjwa.

MlinziWaKimara
Nashukuru wadau. Swali: dawa ya minyoo kila miezi mitatu natoa, lakini inapimwa kwa kilo, na rotwaila wangu simbebi. Mnapimaje?

BwanaMifugo_Hai
Mdogo unambeba, unapanda mzani naye, unatoa uzito wako. Huyo wako mpeleke kwa anayenunua mahindi kwa mzani wa chini, mwekee kiganja cha dagaa katikati ya jukwaa, soma haraka kabla hajamaliza. Ila nenda asubuhi kabla wakulima hawajajaa, na kamba usiiachie. Ukiwa njiani pitia ofisi ya mifugo na kadi ya chanjo, kichaa cha mbwa ni kila mwaka, na mwishoni mwa Septemba kuelekea tarehe 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huwa zinachanja bure.

MlinziWaKimara
Dagaa anawapenda kuliko mimi. Nitaleta majibu ya mzani.