Moyo kwenda mbio ghafla: hofu ya "utaanza lini tena" mnaishi nayo vipi?

Fundi wa Ngamiani:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi ni fundi cherehani, Tanga mjini. Nina tatizo la mapigo ya moyo. Kwenye kadi daktari aliandika SVT, yaani moyo kwenda mbio ghafla kwa hitilafu ya umeme wake. Linakuja bila hodi: nimekaa napiga pindo, mara moyo unaruka hadi mapigo 190 kwa dakika, shingo inadunda, miguu inalegea. Halafu unakatika ghafla vilevile ulivyoanza. Zamani kila nikifika hospitali ulikuwa umeshatulia, naambiwa nina mawazo, napewa dawa ya usingizi narudi nyumbani. Mpaka siku moja nikafika bado unakwenda, ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ikaukamata.

Sasa natumia propranolol, dawa ya kutuliza mapigo, na vipindi vimepungua sana. Echo, ile picha ya ultrasound ya moyo, imeonyesha moyo wenyewe mzima. Kinachonitesa siku hizi ni kuungoja. Daladala sipandi peke yangu. Sokoni Mgandini namtuma mtoto. Harusi ya mdogo wangu nilikaa mlangoni usiku kucha, sikucheza. Nimenunua kile kimashine cha kubana kidoleni kinachosoma mapigo, nakivaa hata nikishona. Nikiona 95 mikono inaanza kutetemeka, nikitazama tena ni 110. Mume wangu mwema, lakini amechoka kuamshwa usiku amshike mkono mtu ambaye hana kitu. Mama mkwe anataka nisomewe. Kisomo sikikatai, ila naomba mliopitia mniambie: hofu hii mliifanyaje?

Mzee wa Kihonda:
Marahaba binti yangu. Mimi valvu ya moyo wangu iliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, sasa mapigo hayana mpangilio kabisa, na nakunywa warfarini ili damu isigande nikapata kiharusi. Usiku wa kuamkia kliniki silali, nawaza INR, kile kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, itasoma ngapi (mimi natakiwa niwe kati ya 2 na 3). Kilichonisaidia ni kuwaambia watu. Kanisani wanajua, bodaboda wa pale kituoni anajua, karatasi ya dawa zangu iko kwenye pochi. Nilipokuwa naficha, nilikuwa naogopa mara mbili: ugonjwa, na aibu ya kuangukia mbele za watu.

Nesi Zamu ya Usiku:
Dada, pole sana. Huo si udhaifu wala huna wazimu. Hofu inamwaga adrenalini, adrenalini inaongeza mapigo, wewe unayaona kwenye kimashine, unaogopa zaidi. Mtu mzima aliyetulia mapigo yake ni kati ya 60 na 100, kwa hiyo 95 yako ni ya kawaida. Na kuna tofauti unayoweza kuihisi mwenyewe: mapigo ya hofu hupanda na kushuka taratibu, ya SVT huwaka na kuzimika kwa mkupuo mmoja. Kimashine mpe mume wako akifungie kabatini, kitoke ukiwa na kipindi kweli.

Halafu muombe daktari akufundishe njia ya kuukatiza. Unakaa umeegemea, unapuliza kwa nguvu kwenye bomba la sindano la mililita 10 (bila sindano yenyewe) sekunde 15, kisha unalazwa chali haraka na miguu inainuliwa sekunde 15 nyingine. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2015 ulikuta watu 43 katika kila 100 walirudi sawa kwa njia hii. Kwa kupuliza tu bila kuinuliwa miguu walikuwa 17. Wagonjwa wangu wengi hofu hupungua siku wanapojua mikono yao ina la kufanya. Ila ukizimia, ukibanwa kifua au ukikosa pumzi, usijaribu chochote, kimbilia hospitali. Na omba pia kuonana na mshauri wa saikolojia. Kule kuambiwa "una mawazo" wakati moyo ndio uliokuwa unaumwa kumekuachia kidonda, nacho kinahitaji tiba yake.

Kijana wa Ukonga:
Mimi nilikuwa na SVT, nikaunguzwa ile njia ya umeme iliyozidi ndani ya moyo: wanapitisha mrija kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni. Vipindi vimeisha. Lakini niseme ukweli, dada, hofu haikuondoka siku ileile. Nilianza kwa kupanda gari vituo viwili na rafiki, baadaye peke yangu.

Fundi wa Ngamiani:
Asanteni, nimelia kidogo hapa. Kimashine tayari kipo kwa mume wangu. Kwa daladala nitaanza na Raskazone, mdogo wangu akae kiti cha nyuma yangu. Kijana, kabla ya kuunguzwa propranolol waliikata?

Kijana wa Ukonga:
Dawa zangu walizisitisha wao, na siku wakanipangia wao. Usiikate mwenyewe hata ukijisikia mzima, maana propranolol ikikatwa ghafla mapigo yanaweza kurudi kwa kishindo. Kwenye miadi uliza pia kama bima yako inagharamia, mimi hilo ndilo lililonichelewesha.