TUPEANE UZOEFU: Msimu wa MotoGP 2006, siku ya Valencia wewe ulikuwa upande wa nani?

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuwaza muda mrefu. Misimu mizuri ya MotoGP, mashindano ya dunia ya mbio za pikipiki, imepita mingi, lakini kwangu hakuna ulioninyima usingizi kama wa 2006. Raundi 17, ya mwisho ikiwa Valencia, mwaka wa mwisho wa injini za CC 990 kabla hazijashushwa hadi 800, na mwisho wa yote Nicky Hayden ana pointi 252, Valentino Rossi 247. Naomba kila mmoja asimulie mbio iliyomkaa rohoni, na alikuwa wapi ilipotokea. Takwimu kila mtu anaweza kuzitafuta, ninachotaka ni simulizi zenu.

Naanza mimi. Nilikuwa wa Rossi damu damu. Alikuwa ametwaa ubingwa mara tano mfululizo, 2001 hadi 2005, na nilikuwa nimeshazoea kwamba hata akiachwa mbali atarudi tu. Mdogo wangu alikuwa wa Hayden. Tarehe 15 Oktoba tulikaa sebuleni kuangalia Estoril, raundi ya 16, Hayden akiongoza msimamo kwa pointi 12. Mizunguko iliyokwisha ilikuwa bado michache, Dani Pedrosa akajaribu kumpita Hayden kwa ndani, pikipiki ikamteleza, akamzoa mwenzake wa timu moja. Wote wawili chini.

Niliruka kwa furaha. Kisha kamera ikamwonyesha Hayden amepiga magoti kwenye changarawe, anatupa mikono, anapiga kelele ndani ya helmeti. Nikageuka kumtazama mdogo wangu. Alikuwa ameinama, viwiko magotini, machozi yanamdondokea kwenye zulia. Nilikaa chini polepole na mbio zilizobaki sikushangilia tena. Haya, karibuni.

Daftari la Pointi
Mkuu umenigusa. Miaka ile mimi nilikuwa na daftari la mistari, kila raundi nachora safu yake na kuandika pointi kwa mkono. Kwa hiyo hiyo Estoril nina la kuongeza, maana wengi wanakumbuka ajali ya Hayden na kusahau mwisho wa mbio.

Mzunguko wa mwisho, Rossi na Toni Elias wanatoka kwenye ile kona ndefu ya mwisho wakiwa bega kwa bega. Elias akashinda kwa sekunde 0.002. Kwenye safu ya Rossi nilikuwa nimeshaandika 25 za mshindi, ikabidi niikate kwa kalamu nyekundu niandike 20 za wa pili. Niliona ni jambo dogo, kwa sababu bado alitoka pale akiongoza kwa pointi 8.

Baada ya Valencia nikarudi kwenye ile 25 niliyoikata. Jumlisheni wenyewe: 247 na 5 ni 252. Wangelingana, na kwa kuwa Rossi alishinda mbio tano na Hayden mbili, ubingwa ungekwenda kwa Rossi. Elias hakuwahi kushinda mbio nyingine ya MotoGP kabla wala baada ya ile. Na Elias huyo huyo ndiye aliyemgonga Rossi kwa nyuma kwenye kona ya kwanza kabisa ya msimu, kule Jerez, Rossi akamaliza wa 14 na pointi 2. Usiku ule nilikaa na ule ukurasa hadi taa zikazimwa. Daftari bado ninalo.

Bi Breki
Mimi ni dada na nilikuwa wa Pedrosa, na mpaka leo namtetea. Kijana wa miaka 21, msimu wake wa kwanza kwenye daraja la juu, ameshashinda Shanghai na Donington. Alikosea Estoril, ndiyo, na kosa lilikuwa kubwa. Lakini wanaomsema wasiache nusu ya pili ya hadithi. Valencia, wiki mbili baadaye, alimwachia Hayden apite mapema, akabaki nyuma yake na kumaliza wa nne. Mimi niliona, nilikuwa nimeikodolea macho pikipiki yake tu, wengine wote sikuwaangalia. Wiki zile mbili kila niliyekutana naye alikuwa ananisema kana kwamba ni mimi niliyemwangusha Hayden. Nilinyamaza. Naandika leo.

Gia ya Sita
Dada Bi Breki, uko sahihi kabisa.

Mimi naendesha pikipiki kila siku kwa kazi, kwa hiyo nitazungumzia Valencia kama mtu anayejua tairi la mbele likiponyoka inakuwaje. Halikupi muda. Tairi la nyuma likiteleza unaweza kulisikia kwenye makalio, ukaachia gesi kidogo, ukajiokoa. La mbele, usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi, na kabla hujawaza lolote bega limeshafika chini.

Rossi alianza nafasi ya kwanza, lakini aliondoka vibaya na kujikuta katikati ya kundi. Alikuwa anahitaji kidogo sana. Hayden alimaliza wa tatu, kwa hiyo Rossi hata nafasi ya nane, yenye pointi 8, ingemtosha. Mzunguko wa tano, kona ya polepole, mbele kukaponyoka. Niliiona mikono yake ikijaribu kulirudisha, nikajua limeisha. Mimi ni wa Yamaha, timu ya Rossi, nilipiga kofi kwenye paja hadi likawa jekundu.

Lakini kilichonikaa ni alichofanya baadaye. Aliinyanyua pikipiki, akairudisha barabarani akiwa mkiani, akapambana hadi nafasi ya 13. Pointi 3. Kisha mbio zilipoisha akamfuata Hayden palepale barabarani akampa mkono. Nimeanguka kazini mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili wakati nanyanyua chombo niliikumbuka picha ile.

Mvua Kidogo
Mimi Valencia sikuiona, nilikuwa safarini. Yangu ni Phillip Island.

Wanaofuatilia sasa wameshazoea kuona waendeshaji wakiingia kubadilisha pikipiki mvua ikianza. Siku ile ilikuwa mara ya kwanza kutokea kwenye MotoGP. Nilikuwa naangalia na baba yangu, ambaye hakuwa mpenzi wa mchezo, alikuwa ananisindikiza tu. Mvua ikaanza, wakaanza kuingia mmoja mmoja, mtu anaruka kutoka pikipiki yenye tairi za nchi kavu, anapanda ya pili yenye tairi za mvua, anaondoka. Mzee akasimama. "Kumbe wana mbili?" Tangu dakika hiyo hakukaa tena, alikuwa ananiuliza kila aliyetoka ameingia na tairi gani.

Hayden alikuwa ameanza nafasi ya kwanza na akapotea nyuma kabisa mwanzoni, kisha akapanda mmoja mmoja hadi wa tano. Marco Melandri alishinda, Rossi wa tatu. Watu husema Hayden alibahatika. Mtu aliyemaliza mbio zote isipokuwa ile moja aliyoangushwa? Rossi aliachwa na chombo chake Shanghai, Le Mans na Laguna Seca. Hayden alikuwa anamaliza tu, kila wiki, na jukwaani alipanda mara kumi. Baba alifariki miaka michache baadaye. Mbio ile ndiyo pekee tuliyoiangalia wote wawili mwanzo hadi mwisho.

Mpita Njia
Kwa kifupi: Troy Bayliss. Alikuja Valencia mara moja tu kujaza nafasi ya Sete Gibernau aliyeumia, ametoka kutwaa ubingwa wa dunia wa Superbike, mashindano mengine ya pikipiki, mwaka huohuo, akapanda Ducati na kuwashinda wote, Loris Capirossi wa pili. Watu wote wanamtazama Hayden na Rossi, na mtu mwingine kabisa anaondoka na ushindi wake pekee wa MotoGP. Nilimshangilia peke yangu chumba kizima.

Nyasi Bandia
Ongezeni Assen. Colin Edwards, mwenzake Rossi Yamaha, hajawahi kushinda mbio ya MotoGP maishani, na pale ameukaribia ushindi kiasi cha kuuona mstari. Kona za mwisho, mzunguko wa mwisho, yeye na Hayden. Hayden anapitiliza hadi kwenye changarawe, Edwards anatoka kwenye kona akikanyaga nyasi bandia za pembeni, pikipiki inamtupa. Hayden anatoka kwenye mawe na kushinda. Mimi nilikuwa wa Hayden na sikuweza kufurahi moja kwa moja. Edwards alistahili ushindi siku ile moja.

Mwanzisha uzi
Ahsanteni sana wadau, nimesoma kila neno. Mkuu wa daftari, hesabu yako ya 25 iliyokatwa imenikosesha raha upya, maana sikuwahi kuipiga.

Mvua Kidogo, pole kwa mzee.

Niseme na sehemu ya pili ya yangu. Tarehe 29 Oktoba, Valencia, nilikaa upande wa mdogo wangu. Sikumwambia, nilikaa tu. Rossi alipoanguka hakupiga kelele, alinishika mkono. Na Hayden alipozunguka na bendera ya Marekani, kioo cha helmeti kimeinuliwa, analia waziwazi, tulilia wote.

Mei 2017, Hayden aligongwa na gari akiendesha baiskeli nchini Italia, na siku tano baadaye akafariki akiwa na miaka 35. Mdogo wangu alinipigia simu. Alinieleza kuhusu ile namba 69, kwamba ilikuwa ya baba yake Hayden, ambaye alisema aliichagua kwa sababu hata ukianguka kichwa chini miguu juu bado inasomeka. Mwaka 2019 namba hiyo ilistaafishwa, hakuna atakayeivaa tena MotoGP.

Endeleeni wakuu. Sachsenring bado haijapata msimulizi, na siku ile Rossi, Melandri, Hayden na Pedrosa walivuka mstari wote wanne ndani ya sekunde 0.307. Aliyeiona aje atuambie.