Kisumu hadi Minneapolis na mama wa miaka 71, ni masaa mangapi kweli?

MtuWaKondele: Wadau habarini. Mama anaenda kumwona dada yangu Minneapolis, hajawahi panda ndege na magoti yanamsumbua. Tiketi ziko za kupitia Amsterdam, za Doha, na ile ya Nairobi hadi New York bila kusimama halafu anaunganisha. Kwa ramani naona hiyo ya New York ndio fupi. Ile ya Amsterdam inasema anatoka saa sita usiku anafika kesho yake saa tisa mchana, so ni masaa 15? Nisaidieni kabla sijalipa, hii pesa tumechanga familia nzima.

Nesi_Kakamega: Hapana ndugu yangu, hiyo ni saa tisa ya kwao. Wako nyuma yetu masaa 8 kukiwa na joto na 9 wakati wa baridi, so hapo ni 23, au 24 wakati wa baridi. Nairobi hadi Amsterdam ni kama masaa 8 na nusu, Amsterdam hadi Minneapolis karibu 9, zingine ni za kungoja. Kilomita zisikusumbue, Nairobi-Minneapolis angani ni kama 13,100 na ukipitia Amsterdam ni kama 13,400, karibu njia ni ile ile maana dunia ni mviringo, ramani ya ukutani ndio inafanya ionekane wanazunguka. Doha ndio inamrudisha mashariki kwanza.

Dera_Naks: Fikiria magoti ya mama. Ya New York ni kama masaa 15 kwa kiti kimoja, akishuka JFK, airport ya New York, apite uhamiaji, achukue masanduku ayarudishe tena, halafu kuna ndege ingine ya kama masaa matatu. Kwa mtu mzima peke yake hiyo ni mateso. Ya Amsterdam anapita uhamiaji Minneapolis kwenyewe na dada yako yuko hapo nje anamngoja. Mimi ningelipa hiyo hata ikizidi kidogo.

MtuWaKondele: Asanteni sana. Na Kisumu-Nairobi apande basi?

Dera_Naks: Ndege ni kama dakika 50, lakini angalia inatua JKIA, airport ambayo ndege ya nje inaondokea, kuna zingine zinatua Wilson. Barabara siwezi kushauri, lori likilala hapo Gilgil mnakaa mpaka ndege iende. Akitumia basi asafiri siku moja kabla.

Nesi_Kakamega: Na hiyo tarehe uisome vizuri, tiketi ikisema 00:20 tarehe 12 mnaenda airport tarehe 11 jioni, watu wengi wameachwa hapo. Omba wheelchair mapema, angalau siku mbili kabla, hailipishwi, na wanamsukuma mpaka mlango wa ndege ingine hata kama Kizungu hajui. Dawa ziwe kwa mkoba wa mkononi, zikiwa kwa paketi zake. Ndani ya ndege awe anasimama anatembea kidogo, na soksi za kubana miguu muulizie daktari wake kwanza. Akibeba omena aseme akiulizwa, nyama aache nyumbani kabisa.

MtuWaKondele: Nimeenda na ya Amsterdam. Wheelchair napiga simu kesho asubuhi.