Uliwahi kupotea porini, au kutoka kwenda kumtafuta aliyepotea? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi:
Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa sita nikijitolea kwenye kikundi cha utafutaji na uokoaji. Watu wakisikia hivyo wanawaza helikopta na kamba. Kazi yenyewe, sehemu kubwa ni kutembea polepole mmepanga mstari, macho chini, mkitafuta hata karatasi ya pipi. Naanza na yangu, nanyi mtiririke.

Tuliitwa saa mbili usiku. Mzee katoka asubuhi kutembea, hajarudi. Mkewe alichojua ni kwamba kaenda "mlimani", na mlima ule una njia nne. Saa tano nzima ziliishia kwenye njia ambazo hakuzikanyaga. Tulimpata alfajiri kwenye korongo, hatua kama mia mbili kutoka njiani, kifundo cha mguu kimeteguka. Kinachoniuma mpaka leo: usiku alitusikia. Aliita mpaka sauti ikakata, nasi tunapita juu yake tukipiga soga. Tangu hapo tunapuliza filimbi wote kwa pamoja, kisha kimya dakika nzima, hata kukohoa marufuku. Na begini kwangu filimbi hazipungui mbili. Ishara inayotambulika kimataifa milimani ni mara 6 kwa dakika, unapumzika dakika moja, unarudia. Anayekujibu hupuliza mara 3.

Kiatu Kimoja:
Mimi ndiye niliyetafutwa, msinicheke. Njia ilipotea, nikajiambia nifuate kijito, maji yatanifikisha kwa watu. Yakanifikisha kwenye maporomoko. Nikarudi kwa kubahatisha, mawingu yamefunika jua, baada ya muda nikakuta alama ya kiatu kwenye tope. Nikafurahi, kumbe kuna mtu! Nikapima na mguu wangu: ni changu.

Baadaye waokoaji walinionyesha kwenye ramani jinsi nilivyowatesa. Walikuwa wameshapekua eneo moja na kulifuta kwenye orodha, mimi nikahamia humo humo. Ningekaa pale nilipogundua nimepotea, wangenikuta siku hiyo hiyo.

Chaji Asilimia 4:
Kuhusu simu: usione haina mtandao ukakata tamaa. Namba ya dharura inaweza kupitia mnara wa kampuni nyingine. Simu isipopita, jaribu meseji, hiyo hupenya hata pale mawasiliano ni ya kudonoadonoa. Na baridi hula chaji, iweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Mimi niliitumia yote kwa tochi. Ujinga wangu.

Mama Wawili:
Na mtoto je? Wa kwangu ana miaka 7, hashikiki.

Mwanzisha uzi:
Dada, watoto ndio wanaotutoa jasho, maana wengine hujificha. Kuna mmoja tulimkuta chini ya kichaka, tochi zetu zimempita mara mbili anaziangalia tu. Kisa? Kafundishwa asiongee na watu asiowajua. Mwambie: ukipotea, chagua mti mmoja ukae nao, na wanaopita wakiita jina lako ni watu wako, itika. Marekani wana mafunzo kabisa ya watoto kukumbatia mti. Yalianza baada ya mtoto wa miaka 9 kupotea mlimani California mwaka 1981 na kufariki.

Nesi wa Zamu:
Naongezea la baridi, kwa sababu niliwahi kukuta "wasaidizi" wanamsugua mtu miguu na kumnywesha pombe kali. Msifanye hivyo jamani! Mvue nguo mbichi, mvalishe kavu, mtandikie kitu asilale juu ya ardhi tupu, mfunike, mpashe joto kifuani na kwapani, na mumshike taratibu. Akiacha kutetemeka na bado ni wa baridi, hajapona huyo, anazidi kuzama. Wengine hufikia hatua ya kujivua nguo wenyewe wakidhani wanaungua. Wala si lazima pawe na theluji, nguo iliyolowa na upepo vinatosha.

Mstari wa Nyuma:
Nami nina langu. Mara yangu ya kwanza kutafuta sikujiandikisha, niliona kujipanga foleni kunachelewesha. Nikaingia msituni peke yangu, nikakanyaga nyayo ambazo mbwa angezifuata, kisha giza likanikuta sijui nilipo. Usiku ule wakatafutwa watu wawili. Aliyepotea mwanzo alipatikana kabla yangu.

Mlipa Kodi:
Samahani, ila wazembe walipishwe gharama. Watajifunza.

Mwanzisha uzi:
Mkuu, hasira yako naielewa, nami nimeshatukana kimoyomoyo nikiwa kwenye matope saa tisa usiku. Ila mtu akiogopa ankara hapigi simu saa nane mchana akiwa kaumia mguu tu. Anajikokota, anapiga usiku akiwa hoi, na sisi ndio tunaopanda gizani kumfuata. Afadhali anisumbue mapema.

Mama Wawili:
Yule mzee wa korongo aliacha kwenda mlimani?

Mwanzisha uzi:
Thubutu! Anapanda kila wiki. Ila sasa anaacha karatasi mezani: njia gani, atarudi saa ngapi, koti rangi gani. Akichelewa dakika kumi tu, mkewe ananitumia meseji.