Bili za umeme na maji zilizokutoa jasho, na ulivyoponea kukatiwa: tupeane uzoefu

Koki Kavu: Wakuu, jirani kakatiwa maji asubuhi hii, fundi kaondoka na mita mkononi. Nimekumbuka yangu. Tiririkeni, ila msiniambie "punguza matumizi", hilo tunalijua.

Mama Pacha: Mimi bili ilikuja mara tatu ya kawaida, baba watoto akaanza kununa eti naoga sana. Ofisini nikajibiwa "mita haidanganyi, mama". Kumbe ule mpira wa chini kwenye tenki la choo umechakaa, maji yanateremka kimyakimya usiku kucha. Tia rangi ya chakula kwenye tenki, usiflashi, rudi baada ya nusu saa. Sinki la choo likibadilika rangi, mwizi umempata. Bili nililipa yote lakini, nani akusamehe?

Bwana Feni: Chomoeni chaja za simu ukutani, zinakula kinoma.

Yuniti Moja: Chaja? Simu ukiijaza kila siku mwezi mzima haifiki yuniti moja. Hita ya kuogea ya wati 2000 inamaliza hiyo yuniti kwa nusu saa. Unachomoa chaja huku hita inachemka?

Bwana Feni: Haba na haba, mkuu. Wajuaji mna shida.

Mpangaji Mstaafu: Mimi nilikuwa nazima kila kitu na bado deni linapanda. Wakaja kukata mchana, mtoto yuko kwenye mashine ya dawa ya pumu. Nikawasihi jamani amalizie tu. Mkubwa wao anasoma karatasi, mdogo keshapanda ngazi. Mashine ikanyamaza katikati, mtoto bado kashikilia maski usoni akisubiri iwake. Nikakopa, nikalipa deni na gharama ya kurudishiwa juu yake. Fundi aliyekuja kurudisha ndiye akaniambia nishushe swichi kuu niitazame mita. Nyumba nzima imezima, kile kitaa chekundu kinamwekamweka, tena mbio! Kwenye mita imeandikwa imp 1000, yaani ikimweka mara 1000 ni yuniti moja. Sasa nani anakula? Tukapanda darini, tukakuta waya umeungwa baada ya mita, kabla ya swichi kuu, umetoboa ukuta kwenda kwa… ngoja nipokee simu, narudi.

Mama Pacha: Weeee! Kwa nani?

Bwana Feni: Mwenye nyumba huyo, naweka dhamana chaja yangu.

Dada wa Zamu: Poleni na mtoto. Mwenye mgonjwa wa mashine asingoje onyo. Barua ya daktari ipelekwe mapema, na nakala igongwe muhuri ubaki nayo. Na deni likikushinda nenda kabla hawajaja, omba kulipa kidogokidogo, makubaliano yawe ya maandishi. Ahadi ya mdomo fundi wa ngazi haijui.

Mzee wa Risiti: Usiende hata kidogo! Ukijipeleka wanakuandika wa kwanza. Mimi hujificha.

Dada wa Zamu: Mita ipo nje, mzee. Unajificha wewe, inakatwa yenyewe.

Yuniti Moja: Angalieni pia kama bili ni ya kusomwa au ya kukadiriwa. Piga picha ya mita kila mwezi, namba zionekane. Mimi hiyo picha ilinirudishia hela.

Mbali na Nyumbani: Ufaransa hawakukatii umeme wa nyumbani kwa deni kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi, sababu ya baridi. Uingereza nako kukata maji ya nyumbani kwa deni kulipigwa marufuku na sheria ya 1999.

Mzee wa Risiti: Na deni linafutwa?

Mbali na Nyumbani: Thubutu! Linakusubiri.

Koki Kavu: Turudi kwenye mada wakuu.

Mama Pacha: Mada ni ule waya. Mstaafu yuko wapi?

Bwana Feni: Kakatiwa.

Koki Kavu: Haya, nimetia rangi kwenye tenki. Sinki limekuwa bluu.